Foronya ya godoro: twahara kwanza, pambo baadaye

Katika nyumba nyingi za Mtanda, mjini Lindi, godoro la sufi halina kazi moja. Mchana hutandikwa ukumbini juu ya mkeka, wageni wakalikalia. Usiku hulaliwa na watoto, au na ndugu aliyewasili kutoka Kilwa. Mzee asiyeweza kusujudu huketi juu yake akaswali. Kwa hiyo foronya inayolivika godoro hilo, ambayo wengine huiita kava, haichaguliwi kwa uzuri pekee.

Sisi tulilitambua hilo baada ya kukosea. Idi moja iliyoangukia wakati wa masika, tulitamani ukumbi upendeze. Tukanunua mahameli nyekundu, fundi akaishona moja kwa moja kulizunguka godoro, pande zote nne. Wageni waliisifu. Siku ya tatu, mjukuu mchanga akaikojolea. Kuivua haikuwezekana bila kufumua mshono wote, nayo mvua haikuonesha dalili ya kukatika. Tukapangusa kwa kitambaa chenye maji, tukanyamaza.

Mama yetu mzee, ambaye huswali ameketi juu ya godoro hilo kwa sababu ya maradhi ya magoti, hakumlaumu mtu. Ilipoadhiniwa Adhuhuri, alishuka taratibu akakaa juu ya mkeka mtupu. Alipomaliza, sote tuliona jinsi alivyojikaza ili anyanyuke. Jioni ile tulichukua wembe tukafumua mshono.

Imepokewa kutoka kwa Bi Aisha (RA) kwamba tandiko la Mtume (SAW) lilikuwa la ngozi lililojazwa nyuzi za mtende. Hakuna aibu, basi, katika tandiko la kawaida. Aibu ni kugharimia pambo linaloinyima nyumba twahara.

Basi tuchague vipi? Kwanza, tuijue sufi yenyewe. Nyuzi zake ni nyepesi na laini, hupenya kwenye kitambaa kilichofumwa kwa ulegevu, zikapeperuka ndani ya nyumba. Kwa sababu hiyo, godoro lahitaji nguo mbili: ya ndani, nzito, iliyofumwa kwa kubana na kushonwa kabisa, na ya nje, inayovuliwa na kufuliwa. Anapolala mtoto, pawekwe mpira au nailoni chini ya shuka, kwani sufi iliyolowa haifuliki kwa urahisi. Hushikamana ikawa madonge.

Kwa nguo ya nje, pamba ndiyo yenye kufaa katika joto la pwani. Hunyonya jasho na hustahimili kufuliwa mara kwa mara. Marekani ingali chaguo jema. Ilipata jina hilo katika karne ya 19, pale meli za kutoka Salem, Marekani, zilipokuwa zikileta Zanzibar nguo za pamba zisizopaushwa, zikasambazwa pwani na bara. Mahameli hukusanya vumbi na huchelewa kukauka.

Pili, kitambaa kirowekwe na kukaushwa kabla ya kukatwa, kwani pamba hurudi. Godoro la futi 6 kwa 4 likishonewa foronya kamili ya kipimo chake, foronya hiyo haitaingia tena baada ya kufuliwa mara ya kwanza. Upande mmoja uachwe wazi, utiwe zipu, vifungo au kamba za kufungia. Zipu ifiche meno yake, yasimchubue mtoto.

Tatu, tutazame michoro. Bi Aisha (RA) alipotundika pazia lenye picha, Mtume (SAW) alichukizwa nalo. Likakatwa likafanywa mito. Wanazuoni wengi wameruhusu picha katika kitu kinachokaliwa. Hata hivyo, pale panaposwaliwa, kitambaa kisichovuta macho ni bora zaidi.

Nasi tulibadilisha sufi iliyolowa, tukafua nguo ya ndani kwa kuimiminia maji safi hadi pasibaki rangi wala harufu. Kisha tukashona foronya mbili za marekani zenye kamba: moja ikiwa kambani, nyingine iko godoroni. Gharama ya zote mbili haikufikia ile ya mahameli.

Mama amerejea mahali pake. Wageni hawaisifu tena rangi ya godoro letu. Lakini adhana inapolia, hakuna mtu nyumbani anayelazimika kushuka.