Kazi za Kesho Zinataka Mwili Mzima



Neno moja linaulizwa sana pale dispansere: kazi za mina zitaongezeka ama zitapungua? Watoto wetu watapata? Dispansere haigawi kazi. Lakini swali hili linagusa afya, ndiyo sababu tunalijibu katika ukurasa huu.

Tutazame nyuma kwanza. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilitoa tani 470,000 hivi za shaba kwa mwaka, na ililipa mshahara watu zaidi ya 30,000. Mwezi wa tisa 1990 mina ya Kamoto, huko Kolwezi, ikabomoka. Shaba ikashuka mwaka kwa mwaka. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaacha kazi kwa malipo ya kuondoka. Familia nyingi hazijasahau.

Sheria mpya ya mina ya 2002 ikaleta kampuni nyingi. Mwaka 2024 nchi yetu ilipita tani milioni 3 za shaba, ikawa ya pili duniani nyuma ya Chile. Na kobalti ya betri za motokari za umeme, sehemu kubwa ya dunia inatoka kwetu.

Basi shaba imezidi mara sita. Je, kazi nazo zimezidi mara sita? Usihesabu hivyo. Masini moja kubwa leo inafanya kazi ya mikono mingi ya zamani. Kazi za koleo na kubeba zinapungua. Zinazotafutwa ni za fundi umeme, mekanisie wa masini nzito, fundi wa kuunganisha chuma, dereva wa masini, watu wa laboratwari na wa usini.

Tena, wengi hawaajiriwi na kampuni kubwa yenyewe. Wanaandikwa na kampuni ndogo zinazofanya kazi chini yake, kwa kontra fupi. Na bei ya madini ni kama maji ya mto, inapanda na kushuka. Kobalti iliposhuka bei, serikali ilisimamisha kuiuza nje mwezi wa pili 2025. Tangu mwezi wa kumi mwaka ule ikaanza kuweka kipimo cha tani kwa kila kampuni.

Maana yake kwako ni nini? Utabadilisha kontra mara nyingi, na kila mara utapita mbele ya daktari kabla ya kusaini. Atatazama kifua, masikio, macho na presha. Diploma bila mwili mzima haitoshi. Basi linda haya:

1. Mapafu. Vumbi la mawe lina silika. Likiingia miaka mingi, linakausha mapafu, na dawa ya kuyarudisha haiko. Linafungua tena njia ya kifua kikuu. Mwagia jiwe maji kabla ya kutoboa, na vaa maski inayoshika uso vizuri. Maski iliyoning'inia shingoni hailindi kitu.

2. Masikio. Kelele ikipita desibeli 85 siku nzima, masikio yanakufa polepole bila maumivu. Ukilazimika kupaza sauti ili mwenzako wa karibu akusikie, tia vizibo.

3. Presha na sukari. Hazipigi hodi. Dereva akizirai juu ya masini, hafi peke yake. Omba kupimwa hata kama hujisikii mgonjwa.

Wengine wanaficha kikohozi wakiogopa kufukuzwa. Tunaelewa hofu hiyo, lakini inaua. Kifua kikuu kinachotibiwa mapema kinapona, kwa kawaida kwa miezi sita, na mgonjwa anarudi kazini. Kikifichwa, kinaingia nyumbani na kushika watoto.

Kontra ikiisha, usiondoke mikono mitupu: omba nakala ya vipimo vyako na uiweke pamoja na karatasi zako za kazi. Ugonjwa uliotokana na kazi una haki yake kwa CNSS, lakini bila karatasi utauonyesha namna gani?

Mama, usikung'ute salopeti ya baba ndani ya nyumba. Iloweshe kwanza, kisha uifue mbali na nguo za watoto.

Na mtoto asiende kuosha mawe ya wachimbaji. Pale anapata franka za leo na kupoteza shule pamoja na mapafu, vitu viwili ambavyo kazi ya kesho itamdai. Binti naye asome ufundi: masini haiulizi kama anayeiendesha ni mwanaume.

Bei ya shaba hatuipangi sisi. Maski, vizibo na siku ya kwenda kupimwa viko mikononi mwetu. Kinga ni bora kuliko tiba.