Mbegu ulizokamua kwenye nyanya chotara: kwa nini nusu ya shamba inakuangusha

Wiki iliyopita kijana mmoja kanitumia picha za nyanya zake. "Afisa, nimepigwa rasta! Msimu uliopita mbegu hiihii haikushika kitu."

Hiihii? Hapana. Alinunua pakiti ya chotara, akavuna vizuri, akakamua mbegu kwenye matunda makubwa, akaanika, akasia. Sasa mimea mingine imejikunja na kuwa njano. Mingine ina majani safi, lakini ukiing'oa, mizizi imejaa mafundo ya minyoo.

Tuangalie ndani ya mbegu. Kinga ya rasta iitwayo Ty-1 ilitoka kwa nyanya pori ya Amerika Kusini, Solanum chilense. Kinga ya minyoo fundo, Mi, ilitoka kwa nyanya pori nyingine, Solanum peruvianum. Zote zinakaa kwenye kromosomu ya 6, tena majirani wa karibu.

Chukulia kromosomu ni uzi na jeni ni shanga. Mmea unapotengeneza chavua au yai, uzi wa baba na wa mama hubadilishana vipande. Shanga zilizo mbalimbali hutengana kirahisi. Zilizobanana karibu kila mara huondoka pamoja.

Sasa, kuna chotara ambazo mzazi mmoja kaleta uzi wenye Ty-1, mwingine uzi wenye Mi. Chotara anazo nyuzi zote mbili, kwa hiyo kinga zote mbili. Ila kila chavua na kila yai hubeba uzi mmoja tu. Ukisia mbegu zake 1,000, tegemea miche kama 500 yenye kinga zote, 250 isiyo na kinga ya rasta, 250 isiyo na kinga ya minyoo. Kwa macho kitaluni huwezi kuitofautisha. (Kuziweka kinga zote kwenye uzi mmoja kunawezekana, lakini mzalishaji hupekua mimea mingi mno kuupata ule mmoja.)

Kwa hiyo mbegu nunua upya kila msimu, na usome pakiti: TYLCV ni rasta, Ma, Mi, Mj au N ni minyoo fundo. Na hata ukiwa na Mi, udongo ukipita nyuzijoto 28 kinga hiyo hulegea. Weka matandazo mapema, kabla jua halijakaza.