Rafu ya Kitabu Pepe ni Rekodi Yake

Kitabu cha karatasi kilichoandikwa vibaya kwenye katalogi bado kina bahati: kitakaa rafuni, na siku moja msomaji anayetafuta kingine atakiona. Kitabu pepe hakina bahati hiyo. Kiko kwenye seva, pengine ng'ambo ya bahari, na msomaji wa maktaba hukifikia kwa rekodi yake katika mfumo. Rekodi ikiharibika, maktaba imelipia kitabu kisichosomwa na mtu.

Rekodi nyingi huandikwa kwa muundo uitwao MARC. Ulibuniwa miaka ya 1960 katika Maktaba ya Bunge la Marekani chini ya Henriette Avram, mtaalamu wa programu za kompyuta ambaye hakuwa amesomea ukutubi. Kompyuta haiwezi kubahatisha kwamba maneno haya ni jina la mtu na yale ni jina la kitabu, kwa hiyo kila taarifa ilipewa namba: 100 mwandishi, 245 jina la kitabu, 020 ISBN. Muundo huo wa zama za tepu za sumaku ungali kazini hadi leo, hata ndani ya Koha, programu huria iliyoanza kutumika New Zealand mwaka 2000 na ambayo maktaba kadhaa za Afrika Mashariki zinaitumia.

Tuseme maktaba imepata nakala pepe ya Kusadikika ya Shaaban Robert. Mwandishi na jina havina shida. Kazi iko kwenye sehemu ya 008, mstari wa nafasi 40 zinazohesabiwa kuanzia sifuri. Nafasi ya 23 hubeba herufi "o", yaani kitabu kiko mtandaoni. Nafasi za 35 hadi 37 hubeba "swa", yaani Kiswahili. Pengo moja likizidi mahali, kila kitu husogea. Hapo msomaji akichuja vitabu vya Kiswahili pekee, Kusadikika haitokei, ingawa imo. Mimi ningeanzia hapo kukagua kila rekodi iliyotoka kwa muuzaji, maana vitabu vyetu ni vichache mno kupotezwa kwa herufi tatu.

ISBN nayo ina mtego wake. Nakala pepe hustahili namba yake, tofauti na ya karatasi. Anayenakili namba ya karatasi na kuiweka kama ya nakala pepe anaweza kuufanya mfumo uone kitabu kimoja na kuziunganisha rekodi mbili, kisha msomaji akatumwa rafuni kutafuta kisichokuwepo. Namba ya karatasi huwekwa kwenye kisehemu "z", ili itambulike kuwa inahusiana na kitabu hiki lakini si yake.

Kanuni za kuandika rekodi za katalogi ziitwazo RDA, zilizotolewa mwaka 2010, ziliongeza sehemu za 336, 337 na 338. Zinatenganisha maudhui, kifaa kinachohitajika na chombo kinachoyabeba. Kitabu cha kusikiliza na cha kusoma vinaweza kuwa mtandaoni vyote viwili. Msomaji asiyeona anahitaji kuvitofautisha kabla hajabofya.

Kisha kuna 856, penye kiungo chenyewe. Hapa ndipo kazi haiishi. Mchapishaji akihamisha tovuti, kiungo hufa, na katalogi haiulizwi. Mara nyingi maktaba haijanunua kitabu, imekodi haki ya kukisoma kwa mwaka. Leseni ikiisha, rekodi hubaki ikimwahidi msomaji kitabu ambacho mlango wake umefungwa. Koha ina zana ya kupitia viungo na kuripoti vilivyokufa, ila lazima mtu aiwashe na aisome ripoti.

Kwa kuwa rekodi za wauzaji huingia kwa mamia katika faili moja, kila moja ipewe alama ya kifurushi chake siku ileile inapoingizwa. Mkataba ukivunjika, mkutubi ataitafuta alama hiyo na kuziondoa zote pamoja, badala ya kuzisaka moja moja huku wasomaji wakiendelea kubofya.