Habari Hii Umeitoa Wapi?



Tunakutana kwa ajili ya akiba na mikopo, lakini siasa nayo huingia bila kupiga hodi. Mmoja anasoma habari kwenye simu, mwingine anasema ni uongo, mara kelele na mkutano unavunjika. Vikundi vingine vimepiga siasa marufuku. Hiyo haisaidii, maana watu wataizungumzia pembeni, ambako hakuna wa kuwauliza swali. Afadhali waongee, lakini kila habari ionyeshe inakotoka.

Si jambo dogo hili. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, uvumi na meseji za chuki zilipita simu kwa simu. Tume ya Jaji Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa katika ghasia zile.

Tena, habari mbili zikipingana si lazima mmoja awe mwongo. Agosti 2022 vituo vya televisheni vilionyesha hesabu tofauti za kura za urais. Watu wakabishana sana. Kumbe vyote vilikuwa vikijumlisha fomu za 34A, ila kila kituo kilianza na fomu zake. Fomu hiyo hubandikwa pale watu walipopigia kura, na IEBC iliweka picha zake wazi kwa wote. Aliyebisha angeweza kwenda kujisomea matokeo ya kituo chake.

Kwa hiyo mwenyekiti aulize:

1. Ni nani aliyeona au kusikia mwenyewe? "Wanasema" si jibu.
2. Ni ya lini? Picha ya zamani hutumwa kama ya leo.
3. Anayeieneza anapata faida gani?
4. Sisi wenyewe tunaweza kuithibitisha wapi?

Majibu yakikosekana, habari iwekwe kando mpaka mkutano ujao, na isitumwe kwa wengine. Aliyeileta asiaibishwe, labda naye alidanganywa.

Maswali haya ni ya wote: chifu, katekista, hata mwenyekiti mwenyewe. Akiwauliza wa upande ule mwingine tu, hiyo si kanuni tena, ni kampeni.

Kikatiba, uchaguzi mkuu mwingine ni Agosti 2027. Wacha tuzoee kuuliza mapema, damu ingali baridi.