Dereva wa teksi, unamjua uliyembeba?

MSOMAJI, unapoita teksi kwa simu usiku, wewe ndiwe mwenye wasiwasi kuhusu dereva. Unatazama nambari ya gari na kumtumia jamaa yako ujumbe kwamba umeondoka. Ni vizuri kujihadhari. Lakini je, umewahi kufikiri kwamba dereva huyo naye huenda akambeba mtu anayehitaji kuokolewa?

Mwishoni mwa 2016, katika mji wa Elk Grove, jimbo la California nchini Marekani, dereva mmoja wa Uber aliwabeba wanawake wawili na msichana wa miaka 16. Njiani aliwasikia wakimwelekeza msichana jinsi ya kumkabili mwanamume aliyemngoja hotelini, na kwamba achukue pesa kwanza. Dereva hakuwagombeza. Aliwashusha, kisha akapiga simu polisi. Msichana aliokolewa na watu wazima waliohusika wakatiwa mbaroni.

Hiyo ilikuwa bahati. Dereva mwingine angeongeza sauti ya redio tu. Ndiyo maana inafaa mafunzo ya kutambua ulanguzi wa binadamu yawe ya lazima kwa kila dereva wa teksi. Tangu 2013, jimbo la Ohio limewataka wanaosomea udereva wa malori wafundishwe jambo hili. California nayo ilipitisha sheria mnamo 2018 kwamba wafanyakazi wa hoteli wanaokutana na wageni wapewe mafunzo ya angalau dakika 20. Kama mhudumu wa hoteli anafundishwa, mbona asifundishwe anayemfikisha mgeni mlangoni?

Hapa kwetu, sheria ya kupambana na ulanguzi wa binadamu ya 2010 inamtaja anayesajili, anayesafirisha na anayeficha mtu kwa nia ya kumdhulumu. Adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua Sh30 milioni, au yote mawili.

Madhara kwa afya

Ulanguzi ni ugonjwa wa jamii, lakini pia huumiza mwili. Anayelazimishwa kufanya ukahaba hukabiliwa na magonjwa ya zinaa, virusi vya ukimwi na mimba asiyoitaka. Anayefanyishwa kazi za nyumbani bila mapumziko hupata majeraha na utapiamlo. Wote huweza kukosa usingizi, kushtuka ovyo na kuzama katika huzuni kwa miaka mingi.

Wakati ni muhimu mno. Dawa za kuzuia virusi vya ukimwi baada ya kubakwa huanzwa kabla ya saa 72 kupita, na kadiri zinavyoanzwa mapema ndivyo zinavyofaa zaidi. Zile za dharura za kuzuia mimba hutumiwa kabla ya siku tano kwisha. Kwa hiyo simu ya dereva usiku huohuo inaweza kumkinga mtu na ugonjwa wa maisha.

Dalili za kuangalia

Dalili moja haithibitishi lolote, lakini zikiandamana, shtuka. Abiria hajui anakopelekwa, wala yuko mtaa gani. Mwingine anamjibia kila swali na kumshikia simu, kitambulisho au pasipoti. Ana majeraha, au anaogopa kuinua macho. Ni mtoto anayepelekwa hotelini usiku na watu wasio jamaa zake. Au ni kijana aliyeahidiwa kazi nzuri ng'ambo, naye hamjui mwajiri wala hajaona mkataba.

Usimshuku mtu kwa sababu ya mavazi, kabila au umaskini wake. Mafunzo mazuri humfundisha dereva kutazama vitendo, si sura.

Ufanye nini?

Dereva, usijifanye askari. Usiwakabili wanaoshukiwa wala usiwafuate, kwani unaweza kuhatarisha maisha yako na ya mwathiriwa. Kumbuka mahali, saa, nambari za magari na maumbile ya watu. Ukiwa peke yako, piga simu polisi kwa 999 au 112. Kuhusu mtoto, piga 116. Kuhusu dhuluma za kijinsia, piga 1195.

Wapo watakaosema madereva wana taabu za kutosha: bei ya mafuta, mikopo ya magari na makato ya kampuni. Ni kweli. Ndiyo sababu mafunzo yagharimiwe na kampuni zinazokula sehemu ya nauli, na dereva anayetoa habari asiadhibiwe kwa kupoteza safari.

Nawe msomaji, ukiwa kiti cha nyuma, una macho pia. Mlanguzi hutegemea kila mtu aseme "hayanihusu". Dereva huenda ndiye mtu wa mwisho kumwona mwathiriwa kabla mlango haujafungwa nyuma yake. Afadhali awe amefundishwa la kufanya.