Amplifaya ya Zamani Inapofunguliwa Nyumbani

Huenda siku moja mume wako au kijana wako ataingia nyumbani amebeba sanduku zito la mbao lenye kitambaa kilichochakaa, uso umemng'aa kama mtu aliyeokota almasi. Atakuambia kuwa ni amplifaya ya gitaa ya miaka ya 1960, ya valvu, na kwamba ataifufua mwenyewe. Usikimbilie kumwambia airudishe alikoitoa. Lakini pia usimwachie aifungue juu ya meza ya chakula kabla hamjazungumza.

Valvu ni kichupa cha kioo kilichotolewa hewa, na ndani yake mna uzi unaopata moto na kuwaka kama taa hafifu. Kabla transista hazijaenea, redio na amplifaya zilifanya kazi kwa valvu. Wapigaji gitaa hawajaziacha hadi leo. Wanasema Vox AC30 ya Uingereza au Fender ya California ikifunguliwa sauti sana haikwaruzi masikio, bali sauti hunenepa na kukoroma. Masikio yangu si hodari kiasi hicho, ila jambo moja naliona wazi: vifaa hivi hutengenezeka. Sehemu zake ni kubwa na nyingi zililehemiwa kwa mkono, hivyo fundi mvumilivu anaweza kutoa moja mbovu na kutia nyingine. Valvu mpya bado zinatengenezwa Urusi, Slovakia na China.

Umeme usioondoka

Hapa ndipo ninapotaka tusikilizane. Umeme wa ukutani kwetu ni volti 230 hadi 240. Ndani ya amplifaya ya valvu, transfoma huupandisha, na kwa kawaida hufika volti 300 hadi 500. Umeme huo huhifadhiwa katika kapasita kubwa, kama maji katika pipa. Ukichomoa plagi umefunga bomba tu. Pipa bado limejaa. Amplifaya nyingine hujimwaga kwa sekunde chache, nyingine hukaa na umeme huo kwa saa nyingi. Kwa hiyo kijana anayekuambia, "Mama, mbona nimeshachomoa," hajasema uongo, lakini mauti yanaweza kuwa bado yamo ndani.

Fundi anayejua kazi huchomoa plagi, hungoja, kisha hupima kapasita kwa mita. Akikuta volti humwaga umeme polepole kupitia rizista yenye waya zilizofunikwa vizuri, halafu hupima tena, maana kapasita huweza kujirudishia kiasi. Hatumii bisibisi kuupiga shoti. Anapolazimika kupima kifaa kikiwa kimewashwa, mkono mmoja huuweka mfukoni. Umeme ukiingia mkono huu na kutokea mkono ule, njia yake hupita kifuani, na moyo wenyewe unapiga kwa umeme mdogo sana ambao huvurugika upesi.

Hatari ya pili ni waya wa ethi. Amplifaya nyingi za Marekani za miaka ya 1950 na 1960 zilikuwa na plagi ya miguu miwili, bila ethi, na kapasita ndogo iliyounganisha njia ya umeme na bati la ndani. Nyuzi za gitaa nazo zimeunganishwa na bati hilo. Kapasita hiyo ikiharibika, nyuzi zinaweza kuwa na umeme, na mwimbaji akigusa maikrofoni kwa midomo, mwili wake ndio unakuwa waya. Leslie Harvey, mpiga gitaa wa bendi ya Stone the Crows, alikufa jukwaani huko Swansea mwaka 1972 alipogusa maikrofoni isiyokuwa na ethi. Keith Relf, aliyekuwa mwimbaji wa Yardbirds, alikufa nyumbani kwake mwaka 1976 akipiga gitaa la umeme ambalo nalo halikuwa na ethi ipasavyo. Kama kwaya yenu ina amplifaya kuukuu, ulizeni habari ya waya huo kabla ya zoezi lijalo. Kuweka plagi ya miguu mitatu na kuondoa kapasita ile ni kazi ndogo kwa fundi.

Kuhusu gharama, usikubali fundi abadilishe kila kitu. Mara nyingi zinazochoka ni kapasita kubwa, ambazo hukauka kwa miaka, na dalili yake ni mvumo usiokwisha. Valvu ya mwisho ikiwaka wekundu kwenye bati lake la ndani, izimeni mara moja. Transfoma zilizo nzima ziachwe, na kila kilichotolewa kiwekwe mfukoni mrudishiwe. Kifaa kilichoundwa kwa volti 120 za Marekani kisichomekwe kwenye soketi yetu bila transfoma ya kupunguza umeme. Wala amplifaya ya valvu isiwashwe bila spika, maana transfoma ya sauti inaweza kuungua.

Sheria za nyumbani

Kazi ifanyike chumba kinachofungwa, na fundi akienda kula, mlango ufungwe. Mtoto wa miaka mitatu haoni hatari, anaona taa nzuri tu. Kulehemu kusifanyike jikoni, kwa kuwa risasi ya zamani ni sumu kwa ubongo wa mtoto. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kumbeba. Na asifanye kazi hiyo peke yake usiku.

Akinaswa na umeme, usimguse. Zima swichi kuu kwanza. Ukishindwa, msukume atoke kwa mti mkavu ukiwa umesimama mahali pakavu. Kama hapumui, tuma mtu aite msaada, nawe mkandamize katikati ya kifua kwa nguvu, kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuchoka mpaka msaada ufike. Akizinduka na kusema yu mzima, mpeleke hospitali vilevile, kwani mapigo ya moyo yanaweza kuwa yamevurugika, na kidonda kidogo cha kidoleni huweza kuficha nyama iliyoungua ndani. Mweleze daktari ilikuwa volti ngapi, na umeme uliingilia wapi na kutokea wapi.