Meli ya usiku Ziwa Victoria: Mchele ni kidogo, faida iko ukumbini

WAFANYABIASHARA wa Shinyanga, Kahama na Geita wanaoitazama meli mpya ya Ziwa Victoria kama soko la mchele na ng'ombe wanashauriwa kuchukua kalamu na karatasi kabla ya kuchukua mkopo. Hesabu ya sahani inaonyesha kuwa meli hiyo, pamoja na ukubwa wake wote, haiwezi kumaliza Fuso moja la mchele kwa miezi mitatu. Fedha iliyomo ndani yake iko mahali pengine: katika kumbi za kula na za starehe, na kwa yule mwenye haki ya kuziendesha.

Meli yenyewe ni MV Mwanza, 'Hapa Kazi Tu', iliyojengwa katika Bandari ya Mwanza Kusini na makampuni ya Korea Kusini, Gas Entec na Kangnam, yakishirikiana na Suma JKT. Ilishushwa majini Februari 12, 2023. Ina urefu wa meta 92.6 na upana wa meta 17, na imesanifiwa kubeba abiria 1,200, shehena ya tani 400 na magari madogo 20. Gharama zake zilivuka Sh. bilioni 100.

Kwa mtu wa hoteli, takwimu ya kuangalia si urefu wala tani. Ni mgawanyo wa abiria: daraja la tatu 834, la pili 200, daraja la biashara 100, la kwanza 60, na nafasi sita za watu mashuhuri. Hao ndio wateja, wamekwishapangwa kwa mifuko yao kabla hawajakaa mezani.

WENZETU WANAVYOUZA

Katika bahari za mbali, biashara ya meli za matembezi ilikwisha kubadilika. Meli ya Icon of the Seas ya kampuni ya Royal Caribbean, iliyojengwa Turku nchini Finland na kuanza safari zake Miami Januari 2024, imegawanywa katika mitaa minane. Mmoja, Surfside, ni wa familia zenye watoto wadogo. Central Park una bustani ya miti halisi na meza zake ni za watu wazima wanaotaka utulivu. AquaDome una maonyesho ya usiku ya wapiga mbizi na wanasarakasi. Kila mtaa una vyakula vyake na vinywaji vyake, na abiria hutembea kutoka mmoja hadi mwingine kama mtu anayehama kutoka baa moja kwenda nyingine pale Katoro siku mawe yanapolipa.

Sababu si urembo. Katika hesabu za Royal Caribbean za mwaka 2023, karibu dola 30 katika kila dola 100 za mapato hazikuwa nauli, bali mauzo ya ndani ya meli na huduma nyingine. Abiria amekwisha kulipia chakula cha kawaida ndani ya tiketi. Kinachomfanya afungue pochi mara ya pili ni ukumbi wenye sura yake, ambao haufanani na ule aliokula jana.

Walio hodari zaidi katika mchezo huu pengine ni Disney. Tangu meli yao ya kwanza, Disney Magic, ilipoanza kazi mwaka 1998, familia huhamishwa kila usiku kutoka ukumbi mmoja hadi mwingine, na mhudumu wao huhama pamoja nao. Usiku wa tatu anajua mtoto yupi hali kitunguu. Katika ukumbi mmojawapo kuta huanza zikiwa nyeusi na nyeupe, na kadiri chakula kinavyoendelea rangi huingia moja baada ya nyingine. Gharama kubwa ni taa na mpangilio. Kilichomo kwenye sahani ni kuku na tambi kama za hoteli yoyote.

MTEJA WA SAA TISA

Je, hayo yanawezekana baina ya Mwanza na Bukoba? Jibu la haraka ni kwamba safari ni fupi mno. Meli za njia hiyo kwa desturi huondoka usiku na kufika alfajiri, baada ya saa zipatazo tisa. Abiria wengi hupanda wakiwa wamekula nyumbani au kwa mama lishe wa nje ya bandari. Wa daraja la tatu hubeba chakula chake: chapati, mayai ya kuchemsha, pengine sato wa kukaanga kwenye gazeti. Wakati wa kumuuzia ni saa mbili tatu baada ya kung'oa nanga, na saa moja ya chai kabla ya kufunga gati.

Lakini saa hizo si za kudharauliwa. Waliouza kwenye kivuko cha Kigongo na Busisi wanajua thamani ya mteja asiye na pa kwenda. Kwa miaka mingi wauza samaki, karanga, mahindi ya kuchoma na soda waliishi kwa foleni ya magari yaliyosubiri feri. Juni 19, 2025 Daraja la J. P. Magufuli, lenye urefu wa kilometa tatu, lilifunguliwa. Foleni ikaisha na wateja wakapita juu kwa dakika chache. Hakuna aliyemnyang'anya mama lishe sufuria. Kilichoondoka ni kusubiri, na kusubiri ndiko kulikokuwa kunauza.

Katika njia zote za kutoka Mwanza kwenda Kagera, meli ndiyo mahali pekee ambapo mteja bado amekaa saa tisa bila kushuka.

Daraja hilohilo ndilo mshindani wa meli. Basi la Bukoba linapita Sengerema, Geita na Biharamulo bila kungoja feri. Mkazi wa Geita, ambaye tayari yuko katikati ya njia, hana sababu ya kurudi nyuma hadi Mwanza ili apande meli ya Bukoba. Hili wenye matumaini makubwa hawalisemi. Kama mtu wa Geita atapanda, atapanda kwa starehe, si kwa safari.

Na fedha ya starehe ipo. Dhahabu ilivuka dola 3,000 kwa wakia Machi 2025 na dola 4,000 Oktoba mwaka huohuo. Geita ndiko lilikofunguliwa soko la kwanza la madini nchini, Machi 2019, na mchimbaji mdogo anayeuza hapo huondoka na fedha yake kihalali, mchana kweupe. Sehemu yake huishia kwenye nyumba, mashine ya kusagia mawe na ada za shule. Sehemu nyingine hutafuta muziki. Kwa sasa muziki huo uko Katoro, Geita mjini na Mwanza. Usiku mmoja wa Jumamosi majini, wenye chumba, chakula na bendi, ungekuwa bidhaa ambayo mabasi hayawezi kuiga.

Si jambo geni katika ziwa hili. MV Victoria ilipoanza kazi mwaka 1961 chini ya Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, ilizunguka Kisumu, Musoma, Mwanza, Bukoba na Port Bell, na miongoni mwa abiria wake walikuwamo watu waliokuja kwa ajili ya mzunguko wenyewe. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 mzunguko ukafa, na meli ikabaki Tanzania kusafirisha watu na ndizi.

HESABU YA SAHANI

Sasa tuje kwenye mchele. Tuchukulie meli imejaa. Tuchukulie abiria wote 366 wa madaraja ya juu na la pili wananunua chakula cha usiku, na katika daraja la tatu mmoja kati ya wanne. Hizo ni sahani zipatazo 570. Kwa gramu 150 za mchele mkavu kwa sahani, jikoni inahitaji kilo 85 na nusu, yaani chini ya gunia la kilo 100. Safari sita kwa wiki, tatu za kwenda na tatu za kurudi, ni kilo 513. Fuso la tani 7 kutoka Kahama lingelisha meli kwa wiki 13 na ushei.

Nyama nayo hivyohivyo. Nusu ya walaji wakichagua nyama, gramu 200 kila mmoja, ni kilo 57 kwa safari. Mzoga wa ng'ombe wa kienyeji wa kilo 120 unatosha kwenda na kurudi. Mnada wowote mdogo wa Shinyanga unauza zaidi ya hapo kabla ya saa nne asubuhi.

Wale waliowahi kuuza kwenye kambi za migodi wataona tofauti. Kambi ya watu 1,000 hula mara tatu kwa siku, siku saba: sahani 21,000 kwa wiki. Meli yetu iliyojaa inauza 3,420. Na hata kambi si mteja wa milele. Mgodi wa Buzwagi pale Kahama ulipofungwa mwaka 2021, aliyekuwa amenunua gari kwa ajili ya mteja huyo mmoja alibaki na gari.

Tulinganishe faida. Muuza mchele akipata Sh. 200 kwa kilo, wiki nzima inampa Sh. 102,600. Mwenye kaunta ya vinywaji akiuza chupa 500 tu kwa safari, za maji na soda, kwa faida ghafi ya Sh. 300 kila moja, anapata Sh. 150,000 kwa usiku mmoja na Sh. 900,000 kwa wiki. Hapo hajauza bia, chai ya alfajiri wala kiingilio cha muziki. Viwango hivi ni vya mfano, kila mtu aweke vyake. Lakini hata ukivikata nusu, kaunta inabaki juu ya gunia.

UKUMBI MMOJA, SURA MBILI

Atakayeendesha ukumbi hahitaji mitaa minane. Njia ya Mwanza na Bukoba ina miji miwili yenye majiko tofauti, na hilo linatosha. Wakati wa kwenda, ukumbi uwe wa Kisukuma: nyama ya mbuzi, ugali wa mtama, nsansa, yaani majani makavu ya kunde, na michembe au matobolwa kwa karanga na mtindi. Wakati wa kurudi uwe wa Kihaya: ndizi, maharage, kahawa ya Kagera, na senene msimu wao unapofika. Ngoma ya bugobogobo kwenda, nyingine kurudi. Kinachopikwa ni kile kilichopakiwa bandari hiyohiyo mchana wake, hivyo jokofu la meli halibebi mzigo wa siku mbili.

Michembe ndiyo bidhaa ya Shinyanga ambayo haijapata bei yake. Ni viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa. Havihitaji barafu, havimwagiki, na vikifungwa vizuri vinakaa. Kikundi cha akina mama chenye alama ya TBS kwenye pakiti zake kinaweza kuuza hadi kwa abiria wa daraja la tatu, ambaye sahani ya ukumbini hainunui.

Jambo moja la usalama halina mjadala. Mei 21, 1996 MV Bukoba, meli iliyoruhusiwa abiria 430, ilizama karibu na Mwanza na kuua mamia ya watu. Ziwa hili halijasahau. Ukumbi wa muziki wa ghorofa ya juu hukusanya watu sehemu moja, na watu ni uzito. Idadi ya viti na ya wachezaji ni ya nahodha kuamua, na mpangaji asiyekubali hilo asipewe ukumbi.

KABLA YA KUTIA SAINI

Mwekezaji mdogo asitafute hisa hapa. Meli ni ya serikali. Mlango ni zabuni, na zabuni za umma sasa hupita katika mfumo wa NeST. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 inatenga asilimia 30 ya ununuzi kwa makundi maalumu ya vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Kikundi kisichosajiliwa kwenye mfumo hakionekani, hata kama chapati zake zinajulikana Mwanza nzima.

Kama wenye meli wataendesha majiko wenyewe, mgeni atakuwa muuzaji wa mahitaji tu, na hesabu ya gunia hapo juu ndiyo yake. Kama watapangisha kumbi, mambo ya kusoma mara mbili ni haya. Nani analipia chakula kilichonunuliwa safari inapoahirishwa kwa dhoruba au ubovu wa mashine? Kodi inahesabiwa kwa mwezi au kwa safari iliyofanyika? Meli husimama, MV Victoria ilisimama mwaka 2014 na haikurudi kazini hadi 2020, na mpangaji wa kodi ya mwezi asingeweza kuishi hata robo ya muda huo. Je, haki ya kuuza vinywaji ni ya mmoja, au kila mwenye ndoo ya maji ataruhusiwa kupita kati ya viti?

La mwisho ni siku za malipo. Anayepeleka nyama leo na kulipwa baada ya siku 60 anamkopesha mnunuzi safari 50 na zaidi, na mwenye mnada hakopeshi. Kwa mauzo ya nyama ya Sh. 500,000 kwa safari, hizo ni zaidi ya Sh. milioni 25 zilizolala. Mwenye kaunta, anayepokea taslimu au kwa simu usiku uleule, hana tatizo hilo.

Kwa mkulima wa Geita, faida ya karibu ni ya barabara. Mananasi yanayopakiwa asubuhi hayalali tena Busisi. Yako Mwanza kabla ya mchana, saa kadhaa kabla meli haijaanza kupakia, na yasiponunuliwa na meli kuna soko la mjini.